Makundi Yalihamia Wapi?

Kuna muvi moja ambayo sisi Wakenya tunaichukulia kama ya kwetu ingawa ilichorwa Marekani. Majina ni ya kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Maneno mawili ya lugha yetu yamezunguka dunia kwa sababu yake, na mpaka leo mgeni akishuka kwenye ndege anakusalimu nayo kana kwamba Kiswahili chote kinaishia hapo. The Lion King ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, ni nzuri. Naipenda. Lakini nina ugomvi nayo, kwa sababu imetufundisha jambo lisilo la kweli kuhusu mvua, na naona tumelimeza bila kutafuna.

Jambo lenyewe liko mwishoni. Scar akiwa mfalme, nchi imekauka, miti imebaki mifupa, mto hauna maji. Simba anarudi, wanapigana, moto unawaka, Scar anakufa. Halafu mvua inanyesha. Simba anapanda mwambani, ananguruma, na punde nchi nzima ni ya kijani, makundi yamerejea, twiga wamesimama foleni kama watu wa hafla. Mfalme haramu alileta ukame, mfalme halali ameleta mvua. Yaani hali ya hewa inafuata kiti.

Tuwe wa haki. Mapema kwenye filamu hiyo hiyo, Mufasa anamweleza mwanawe kwamba simba wakifa, miili yao inakuwa nyasi, na swala wanakula nyasi hizo. Maelezo ya sekunde chache, na ni sahihi kabisa: mla nyama ana deni kwa nyasi. Shida ni kwamba hadithi inalisahau somo hilo mara tu Mufasa anapokufa. Kuanzia hapo nyasi ni pazia tu nyuma ya jukwaa. Familia ya kifalme ikigombana, pazia linakuwa kijivu. Ikipatana, linakuwa kijani.

Ukitaka kuona mambo yanavyokwenda kwa kweli, angalia Amboseli. Mbuga ile iko kwenye kivuli cha mvua cha Kilimanjaro, sehemu kavu sana, na uhai wake unategemea vinamasi. Maji ya vinamasi hivyo ni mvua iliyonyesha juu mlimani, ikapenya kwenye mawe ya volkeno, ikasafiri chini ya ardhi na kuchomoza kwenye tambarare. Kwa hivyo yule ndovu wa kwenye kalenda, aliyezama majini hadi tumboni, anakunywa mvua ya nchi jirani.

Mwaka 2009 mvua ilikatika. Nyumbu na punda milia wakafa kwa maelfu. Simba hawakuwa wa kwanza kuumia. Ukame unapoanza, simba hula vizuri: mawindo ni dhaifu, na yote yamesongamana penye maji. Taabu yao ilikuja baadaye, mvua iliporudi, nyasi zikaota, na hakukuwa na wa kuzila. Simba na fisi wakageukia ng'ombe na mbuzi wa Wamaasai. Februari 2010, Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, likatangaza mpango wa kusafirisha punda milia na nyumbu wapatao 7,000 kutoka sehemu nyingine hadi Amboseli, ili wala nyama wapate chakula na mifugo ipumue. Hebu fikiria malori yakibeba punda milia kumpelekea mfalme chakula. Kwenye filamu, kijani kikirudi hadithi imekwisha. Amboseli, kijani kilirudi na njaa ya simba ikaanza.

Miaka kumi na kitu baadaye tulirudishwa darasani. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Novemba 2022 Wizara ya Utalii ilitoa hesabu ya wanyama waliokufa kwa miezi tisa: nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, ndovu 205, nyati 51, punda milia wa Grevy 49, twiga 12. Wote hao ni wala majani. Na 49 isionekane ndogo, maana punda milia wa Grevy waliobaki Kenya nzima ni kama elfu tatu tu.

Hakuna mfalme aliyekosea ili hayo yatokee. Mvua yetu inaamuliwa mbali. Maji ya Pasifiki yakipoa kule katikati na mashariki, ile hali iitwayo La Niña, vuli yetu mara nyingi inakuwa haba. Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli inafurika, kama 2019 na 2023. Na joto la dunia linazidi kuchochea jiko, kwa sababu ardhi yenye joto inakausha haraka hata yale maji machache yaliyonyesha. Simba anaweza kunguruma mpaka sauti ikauke. Bahari haimsikii.

Sasa tufike kwa fisi, maana hapa ndipo filamu inaponikera zaidi. Kosa la Scar, kwa mujibu wa hadithi, ni kuwaruhusu fisi waingie kwenye ardhi ya wenyewe. Fisi wanatoka pembeni, makaburini, mahali pasipo mwanga. Wakishaingia tu, chakula kinaisha na mvua inakata. Kiongozi wao anaitwa Shenzi. Mwandishi wa Marekani huenda aliliona kama neno tamu la Kiafrika, lakini wewe na mimi tunajua ni tusi, na tunajua babu zetu waliitwa hivyo na nani.

Kisayansi, fisi wameonewa. Hans Kruuk aliwafuatilia usiku kwa usiku Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, akaonyesha kwamba fisi madoa ni wawindaji hodari, na kwamba kule Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuwa akila kilichouawa na fisi. Wakati wa ukame, fisi na tai ndio wanaosafisha mizoga. Lakini naogopa kitu kikubwa kuliko sifa ya fisi. Hadithi ya kwamba nchi ilikauka kwa sababu watu wa pembeni waliingia, tumeisikia nje ya sinema. Kila ukame ukija, kuna mfugaji anayenyooshewa kidole. Mifugo wakizidi huharibu malisho, hilo sikatai. Ila hakuna kundi la ng'ombe linaloweza kuzima masika nzima.

Halafu kuna suala la nani anaishi wapi. Timon ni mnyama wa jamii ya nguchiro anayepatikana kwenye nchi kavu za kusini mwa Afrika, kama Kalahari. Rafiki ana uso wa rangi wa mandrili, nyani wa misitu ya Gabon na Kamerun. Wote wamewekwa pamoja, na Timon anaishi kwenye msitu wenye maporomoko ya maji. Simba naye anakulia humo humo kwa kula wadudu, na bado anatoka na manyoya ya shingo yaliyojaa kama ametoka saluni. Ni katuni, najua. Wanyama wanaimba, nani analalamika? Lakini uhuru wa katuni una mwelekeo wake. Hapa mwelekeo ni kwamba mnyama ni kama begi: unaweza kumbeba na kumtua popote, naye atabaki yule yule.

Toleo la 2019 la Jon Favreau lilizidisha tatizo hili kwa kuonekana kweli. Kila unyoya, kila jani limetengenezwa kwa kompyuta kwa ustadi wa kushangaza, ukitazama unadhani ni filamu ya wanyamapori. Favreau mwenyewe alisema ni picha moja tu iliyopigwa kwa kamera ya kawaida, ile ya jua likichomoza mwanzoni. Nikiiangalia naona mbuga isiyo na udongo. Nyasi zipo, lakini hazijaoteshwa na chochote.

Stori ambayo ningetamani wangeitengeneza iko Laikipia, na mhusika wake mkuu ni sisimizi. Kwenye udongo mweusi, ule ule unaokwamisha magari Syokimau, huota mgunga mfupi wenye vinundu kwenye miiba. Sisimizi huishi ndani ya vinundu hivyo. Mti unawapa nyumba na utomvu mtamu, wao wanaulinda: ndovu akiingiza mkonga, wanampanda na kumng'ata ndani ya pua mpaka aachane nao. Kisha wakaingia sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, ambao inadhaniwa asili yao ni kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi. Wageni wanawaua wenyeji, na hawaulindi mti. Ndovu wakaanza kuivunja migunga bila kusumbuliwa, na nyika ikawa wazi.

Hapo simba akapoteza maficho. Simba humvizia punda milia, na bila vichaka punda milia humwona mapema. Utafiti ulioongozwa na Mkenya Douglas Kamaru, uliochapishwa kwenye jarida la Science Januari 2024, ulifuatilia jambo hili Ol Pejeta. Mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati, ambao hawakuwemo kabisa kwenye windo hilo, walipanda hadi asilimia 42. Na nyati si mboga. Ni mzito, ana pembe, anaua simba. Kumbe mfalme wa nyika alikuwa anakula kwa hisani ya mdudu anayetosha kwenye ncha ya kalamu. Niambie kama hiyo si tamthilia. Ina mvamizi, ina usaliti, ina ufalme unaotikisika, na hakuna aliyehitaji kutungiwa uovu.

Nimemweka nyumbu mwisho kwa makusudi. Kwenye filamu, nyumbu wana kazi moja: kumkanyaga Mufasa. Hawana jina, hawasemi, ni mafuriko yenye pembe. Ilhali kwenye mfumo wa Serengeti na Mara, nyumbu ndio wanaojenga nchi. Ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa miaka ya 1960, kwa sehemu kubwa kwa kuchanja ng'ombe, nyumbu waliongezeka kutoka kama robo milioni hadi zaidi ya milioni moja. Walikula nyasi nyingi sana hivi kwamba mioto ya kiangazi ilipungua, na mioto ilipopungua, miti ikapata nafasi ya kukua. Sindano ya ng'ombe ikaotesha miti. Katika mnyororo huo wote, simba ni mlaji tu.

Kuna mahali kwenye filamu ambapo Scar anaambiwa kwamba makundi yamehama. Linasemwa mara moja, haraka, na hadithi inasonga mbele. Mimi hukwama hapo kila mara. Yalihamia wapi? Kwa sababu kule kuhama ndiko kulikookoa kila kitu. Mvua iliponyesha yalirudi kwa kuwa yalikuwa na pa kwenda na njia ya kurudia.

Hapa Nairobi swali hilo si la sinema. Mbuga ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Pande tatu zina fensi. Upande wa kusini, kwenye mto Mbagathi, ndio ulioachwa wazi ili nyumbu na punda milia watoke mvua zikinyesha, waende tambarare za Athi na Kapiti, kisha warudi kiangazi kutafuta maji. Leo upande huo ni ploti, mawe ya kujengea, mabati na waya. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wasijenge fensi, jambo la maana, lakini bei ya ploti Kitengela ilikimbia kuliko malipo yoyote ya nyasi. Nyumbu waliokuwa wakipita huko kwa maelfu mengi wamebaki wachache. Siwalaumu walionunua. Wengi wetu tunaosoma haya tumepanga huko, au tuna mzazi anayelipia kiwanja huko kidogo kidogo. Ninachosema ni kwamba ukame ukija tena, na utakuja, makundi yatahama hadi yafike kwenye waya.

Sisi tunajua kungoja wafalme. Kila miaka mitano tunapanda mwambani na mtu mpya, tunangoja anguruke na mvua inyeshe. Wakati huo huo tuna sheria nzuri kuliko hadithi zetu: katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, na mwaka 2018 marais wakatolewa kwenye sarafu, wakaingia twiga, kifaru, simba na ndovu. Simba yuko kwenye shilingi kumi. Ukimpata mfukoni, jiulize anakula nini, na hicho anachokula kinakula nini, na mvua yake inatoka wapi, na ikikosa, kuna njia gani ya kutokea. Ukifika kwenye swali hilo la mwisho, panda matatu ya Kitengela ukaliangalie kupitia dirishani.