Mbinu Rejeshi katika Kazi za Haile Gerima

Mtahiniwa anapotakiwa kujadili mbinu rejeshi, jibu lake aghalabu huwa sentensi moja: mtunzi ameitumia ili kutufahamisha yaliyotendeka awali. Hutoa mfano mmoja, kisha akarukia jazanda na taswira. Jibu hilo si kosa. Upungufu wake ni kwamba haliulizi ni nani anayerudi nyuma, kwa hiari ya nani, na anarejea na nini. Makala hii inayauliza maswali hayo kupitia kwa msanii ambaye hamo katika orodha ya vitabu teule: Haile Gerima wa Ethiopia, mwelekezi wa filamu, mwandishi wa hati zake mwenyewe, na mwalimu wa filamu kwa miongo kadhaa. Najua filamu si riwaya wala tamthilia. Hata hivyo, msuko, wahusika na wakati ni vipengele ambavyo mwalimu wa fasihi anavitambua popote avionapo.

Gerima alizaliwa Gondar mwaka wa 1946. Babake alikuwa mtunzi wa tamthilia, na mwana akalelewa karibu na jukwaa. Mwaka wa 1967 alikwenda Chicago kusomea uigizaji, kisha mwaka wa 1970 akahamia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Huko alikuwa miongoni mwa wanafunzi weusi, akiwemo Charles Burnett, waliokataa jinsi Hollywood ilivyowasawiri watu wao. Kazi yake ya wakati huo, Bush Mama, inamhusu Dorothy, mama maskini anayeishi kwa msaada wa serikali. Filamu inaanza na polisi wa kweli wakiwasimamisha na kuwapekua wapiga picha wa Gerima mwenyewe. Hawakuwa waigizaji. Alilinasa tukio hilo na kulifanya utangulizi wa hadithi yake.

Mwaka wa 1974 alirudi Ethiopia na, kwa muda wa wiki mbili hivi, akapiga picha za Harvest: 3000 Years kwa Kiamhari, akiwatumia wanakijiji wasio waigizaji. Ni filamu ndefu, isiyo na rangi, kuhusu familia ya wakulima chini ya bwana shamba. Huo ndio mwaka ambao Mfalme Haile Selassie alipinduliwa. Katika filamu, anayemwua bwana shamba si shujaa mwenye siha bali Kebebe, mtu anayechukuliwa kuwa mwendawazimu. Wasomaji wa fasihi simulizi watamtambua mhusika wa aina hii mara moja.

Hebu sasa tuangalie Sankofa (1993). Neno hilo ni la Waakan wa Ghana, na maana yake ni kurudi kukichukua kilichoachwa nyuma. Nembo yake ni ndege aliyegeuza shingo. Mona, mwanamitindo Mmarekani mweusi, anapigwa picha katika ngome ya Cape Coast. Mzee mpiga ngoma anamkemea na kumtaka akumbuke alikotoka. Mona anashuka kwenye vyumba vya chini vya ngome na kujikuta katikati ya mateka waliofungwa minyororo. Anapiga kelele kwamba yeye si Mwafrika. Haimsaidii, anachomwa chapa, na tunapomwona tena yeye ni Shola, mtumwa katika shamba la miwa.

Je, hii ni mbinu rejeshi? Kwa kipimo cha kawaida, hapana, kwa maana Mona hakumbuki chochote. Kumbukumbu ndiyo inayomkamata yeye. Mtahiniwa atakayeandika kuwa mbinu hii inatueleza ya zamani atakuwa ameukosa uti wa filamu: ya zamani hayaelezwi, yanamtendea mtu.

Teza (2008) inafanya kinyume. Daktari Anberber anarudi kijijini mwaka wa 1990, wakati wa vita, askari wakiwasaka vijana wawatie jeshini. Ana mguu wa bandia na kumbukumbu zilizovunjikavunjika. Jamaa zake wanadhani ana pepo na kumpeleka kwenye maji ya baraka. Vipande vya maisha yake, usomi Ujerumani na kisha Addis Ababa chini ya utawala wa Mengistu, vinarudi bila mpangilio. Kisa cha mguu wake tunakifahamu baadaye sana. Hapa mbinu rejeshi ni ugonjwa wa mhusika, na kuupanga wakati upya ndiyo tiba. Filamu hii ilipata tuzo ya hati bora na Tuzo Maalumu ya Jopo mjini Venice, halafu tuzo kuu ya FESPACO mwaka wa 2009.

Simsifu Gerima kwa kila jambo. Katika Sankofa hotuba ni nyingi, na wazungu karibu wote ni wahusika bapa. Anayeiokoa filamu hapo ni Joe, kijana aliyezaliwa kwa ubakaji, aliyefunzwa na padri kumwona mamake Nunu kuwa mchawi, na ambaye mwishowe anamwua. Kwake hakuna jibu jepesi la ni nani mwovu. Binafsi namwona Joe kuwa mhusika aliyekamilika kuliko Shola.

Kazi hizi zilikuwa na gharama yake. Wasambazaji wa Marekani waliikataa Sankofa, naye Gerima na mkewe, Shirikiana Aina, wakakodi kumbi na kuionyesha wenyewe mji baada ya mji. Mwaka wa 1997 walifungua duka la vitabu na filamu lenye jina hilohilo mjini Washington, karibu na Chuo Kikuu cha Howard, alikoanza kufundisha mwaka wa 1975. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake Howard ni Arthur Jafa, aliyepiga picha za Daughters of the Dust, na Bradford Young, aliyeteuliwa kuwania Oscar mwaka wa 2017.

Mwalimu mwenzangu, ukipata nafasi ya kuionyesha Sankofa darasani, isimamishe pale Mona anapopiga kelele ngomeni. Waulize wanafunzi: ni nani aliyemrudisha nyuma, na je, alikuwa na haki?