Ufundi wa Kuongoza Kikoba

Mwenyekiti hodari wa kikoba, yaani kikundi cha watu wanaoweka na kukopeshana fedha, humtambui kwa hotuba. Utamtambua zamu ya marejesho inapofika, mwanachama mmoja akaja mikono mitupu na wenzake wote wakamgeukia.

Mwenyekiti mlegevu husema, "Basi, utaleta wiki ijayo," na kuanzia siku hiyo wengine nao huanza kuchelewa. Mkali humsema mbele za watu mpaka anatokwa machozi, na huenda asimwone tena kikaoni. Fundi wa kazi hii huuliza, "Mwenzetu, rejesho lako tuliandikeje?" Kisha hunyamaza. Deni limebaki pale pale, mdaiwa bado ni mwenzao, na atakayetaja kiasi na siku ni yeye mwenyewe. Akishataja, mwenyekiti huyarudia maneno yake kwa sauti, katibu anaandika, faini ya katiba inatozwa, na kikao kinaendelea. Ule ukimya baada ya swali ndio mgumu kujifunza. Wengi wetu tukiona mtu anababaika tunakimbilia kumjibia.

Utaratibu huu wa kuweka na kukopeshana ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa Maradi. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo kila jambo la fedha lilipaswa kuonekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Katika vikoba vya leo, sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao si viongozi, wala si wao wanaokaa na sanduku. Hisa hununuliwa moja hadi tano kwa kikao, na kila moja hugongewa muhuri kitabuni mbele ya kikundi. Kabla mfuko wa jamii haujahesabiwa, wanachama huulizwa ulibaki na shilingi ngapi kikao kilichopita. Wanajibu kwa kumbukumbu, ndipo fedha zinahesabiwa.

Zipo kampuni kubwa ambazo wafanyakazi wake hawajui hata robo ya wanachojua wanachama hawa kuhusu mali yao. Lakini sanduku halijiongozi. Wingu likitanda, watu huanza kunung'unika: "Tuache kuhesabu leo, si tunaaminiana?" Mwenyekiti anayeijua kazi yake huhesabisha vile vile, bila kukasirika, na akiulizwa sababu huieleza upya kama vile hajawahi kuulizwa. Naiheshimu mno subira hiyo. Siku hizi, mahali ambapo marejesho hupitia simu, kazi imezidi kuwa ngumu kwa kuwa noti hazionekani tena. Mwenyekiti makini huusoma ujumbe wa muamala kwa sauti, kisha huipitisha simu mkono kwa mkono.

Kuna jambo jingine. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitaka vikundi hivi visajiliwe, na mwenyekiti sasa anapaswa kuwafafanulia wenzake karatasi za serikali kwa lugha ya mkekani. Hiyo peke yake ni kazi ya ualimu.

Wala hakuna anayezaliwa na ufundi huu. Mzunguko ukiisha na fedha zikagawanywa, uchaguzi hurudiwa, na mara nyingi anayeinuka ni yule aliyeanza kama mhesabu fedha, akinong'ona tarakimu mpaka akaambiwa, "Dada, paza sauti." Kutamka kiasi cha fedha mbele za watu, bila kutetereka, kumewakomaza wanawake wengi kuliko semina yoyote ninayoijua.

Kwa hiyo ningependa vikoba visingoje siku ya uchaguzi. Wanachama wapya wapewe zamu ya kuendesha kipande cha kikao, mwenyekiti akiwa amekaa kando: leo mfuko wa jamii, kikao kijacho hisa. Marejesho wakabidhiwe mwisho, wakishazoea kuuliza na kusubiri jibu.