Ukuti, Nta na Shaba

Kazi huanza na ukuti wa mnazi. Fundi wa Swamimalai, mji mdogo wa Tamil Nadu, kusini mwa India, huukata ulingane na kimo cha sanamu anayotaka kuisubu. Huukunja, akaukunja tena, hadi mikunjo yenyewe inakuwa rula yake. Mungu mkuu kama Shiva hugawanywa sehemu 124 toka juu hadi chini: paji la uso lina zake, pua ina zake, shingo ina zake. Hakuna kukisia.

Kisha nta. Ya nyuki, iliyochanganywa na utomvu mkavu wa mti, unaofanana na sandarusi yetu, na mafuta kidogo ya karanga. Fundi huilainisha kwa moto, akafinyanga kichwa, mikono na miguu kimoja kimoja, halafu akaviunga kwa kisu kilichopashwa moto. Mafundi wa enzi za wafalme wa Chola, ambao mmoja wao alikamilisha hekalu la Thanjavur mwaka 1010, walimaliza karibu kila pambo kwenye nta. Wa leo huacha mengi yangoje tindo. Mimi naona mikono ya kale ilikuwa na ujasiri zaidi.

Nta ikikamilika hupimwa uzito, kwa kuwa shaba itakayohitajika ni takriban mara 8 hadi 10 yake.

Ukiniuliza ufundi uko wapi hasa, nitakuonyesha tope. Ni udongo laini wa mto Kaveri uliochanganywa na makumvi ya mpunga yaliyochomwa na kusagwa hadi yakawa vumbi. Fundi huupaka kwa ncha za vidole, ukiwa mwembamba kama utando wa uji, ukaingia kila mkunjo wa nguo na kila pembe ya jicho. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki, kitageuka chunusi ya shaba. Hukaushwa kivulini, maana jua lingelegeza nta. Tabaka la pili hungoja la kwanza likauke, la tatu lenye mchanga hungoja la pili, na wakati huo wote fundi hana la kufanya ila kungoja. Mwisho ganda hilo la udongo, yaani kalibu, hufungwa kwa waya.

Moto huja baadaye. Kalibu hupashwa, nta ikatiririka nje, ikabaki nafasi tupu yenye umbo la mungu. Shaba iliyoyeyuka, iliyotiwa madini mengine, humiminwa kalibu ikiwa bado ya moto, kwa mkondo mwembamba usiokatika.

Ikishapoa, fundi huivunja kalibu kwa nyundo. Zinafuata wiki za tindo, tupa na msasa. Macho huchongwa mwisho kabisa. Mteja akitaka sanamu nyingine kama hiyo, fundi hukata ukuti mwingine.