Beseni la pili ndilo lililoua karai

Viazi havikuwa na kosa, mafuta nayo yalikuwa safi. Chipsi za Jumamosi usiku, kwenye ile baa ya Tarime mjini yenye karai mlangoni, ziliuawa na beseni la pili. Mliokuwepo mliona: viazi vya kwanza ndiyo kwanza vinaanza kuelea, havijakauka ngozi, mkaangaji akainua beseni la vibichi, maji yanachuruzika, akamimina juu yake.

Karai lilikuwa linatokota kwa kishindo, likanyamaza papo hapo. Hapo kazi ilikwisha. Kiazi karibu asilimia 80 ni maji. Mafuta yakiwa kwenye nyuzi 170 au 180, maji hayo yanatoka kwa mvuke, na mvuke unayazuia mafuta kupenya. Yapoze ghafla, mvuke unalegea na kiazi kinakunywa mafuta. Kisha akapepea mkaa kwa pupa! Vya kwanza vikaungua, vya pili vikabaki vyeupe, vyote vikaletwa sahani moja. Nilishika kimoja kwa ncha za vidole, kikapinda kama kamba ya kiatu na kuniachia mafuta gumbani.

Msinitajie foleni ya mapumziko ya mpira. Karai la pili lilikuwepo, limeegemezwa ukutani. Na siku ya mpira inajulikana tangu asubuhi: kaanga mara ya kwanza jioni kwa moto wa wastani, epua, chuja, acha zipoe, oda ikija, dakika mbili tatu za moto mkali zinatosha. Wabelgiji wamejijengea jina kwa njia hiyo hiyo. Wakaangaji wa zamani wa stendi ya Mugumu waliifanya kwa jiko la mkaa, bila kipimajoto. Walitupia kipande kimoja, wakasikiliza, ndipo wakaweka vingine, tena kidogo kidogo, na mteja alisubiri. Kuanzia Sirari hadi Nyamongo sijamwona wa leo anayewafikia.

Ukataji ulikuwa mzuri, kachumbari mbichi.

Kuhusu chipsi za kubeba, nimeshasema sana na nitasema tena. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 ilituondolea rambo, lakini ugonjwa ukahamia kwenye kontena. Chipsi ya moto ikifungiwa mfuniko inajipika upya kwa mvuke wake. Ifungeni kwa karatasi, juu pabaki wazi, na chumvi itiwe chipsi ikiwa bado inachujwa mafuta. Jumamosi za kubeba walizifunika, na chumvi ilitiwa mezani.