Mahali pa Kukatia

Mwaka 1969 The Winstons, bendi ya Washington D.C., ilitoa santuri ndogo iliyobeba wimbo "Color Him Father". Wimbo ule ulipendwa sana Marekani na kumpatia mtunzi wake, Richard Spencer, tuzo ya Grammy. Upande wa pili wa santuri kulikuwa na kipande cha ala tupu, "Amen, Brother". Katikati yake wanamuziki wengine wote wananyamaza, mpiga ngoma Gregory Coleman anabaki peke yake kwa sekunde zipatazo saba, kisha bendi inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Wanaokatakata sauti duniani kote wanazijua sekunde hizo. Nami zimenifunza kusikiliza kuliko kitu kingine chochote.

Kazi yenyewe ni hii. Unaiingiza sauti kwenye sampla, ambayo siku hizi ni programu ndani ya kompyuta. Unaigawa vipande, na kila kipande unakikabidhi kitufe chake cha kinanda. Ukimaliza, kidole kimoja kinapiga kiki, yaani ngoma kubwa ya mguu, cha pili snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, cha tatu toazi, na unaweza kuupiga mdundo ambao mpiga ngoma mwenyewe hakuwahi kuupiga. Wapo wanaoiona ni kazi ya wavivu walioshindwa kujifunza ala. Hao hawajawahi kukaa mbele ya wimbi la sauti wakitafuta mahali pa kukatia.

Kwenye skrini kila pigo linaonekana kama kilima. Anayeanza hukata kileleni, kwa kuwa ndipo jicho linapokimbilia. Lakini kileleni umeshachelewa: fimbo imeshagusa ngozi, na ule ukali wa mguso umebaki kwenye kipande cha nyuma. Ngoma inasikika butu. Ukikata mapema mno, kidole kinabonyeza na sauti inachelewa kutoka, mdundo wote unajikokota. Mahali penyewe ni pale mstari unapoanza kuinuka, na tena uwe unavuka sifuri, la sivyo spika itatoa mlio mdogo wa kukwaruza kila unapogusa kitufe. Sauti ya ubora wa CD ina nukta 44,100 katika kila sekunde, na wewe unatafuta moja. Mchuna nyama stadi hapasui mfupa, hutafuta kiungo. Na kiungo cha sauti ni chembamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Mwisho wa yote sikio ndilo linaloamua.

Programu zinaweza kukutafutia. Mwaka 1994 kampuni ya Propellerhead ya Sweden ilitoa ReCycle, iliyotambua mapigo na kukata yenyewe. Ilikuwa hatua kubwa kweli. Zamani ukitaka mdundo uende haraka uliiharakisha rekodi nzima, na sauti ikapanda nayo. Ukiongeza kasi mara mbili, inapanda oktavu nzima. Vipande vilivyokatwa vinaweza kusogezwa karibu au kutawanywa bila sauti kubadilika. Hata hivyo mashine hupima ukubwa wa sauti, na uzuri wa Coleman hauko kwenye mapigo makubwa pekee. Uko pia kwenye yale madogo, snea zinazonong'ona katikati ya zile kubwa, ambazo mashine huziruka au kuzibandika kwenye kipande cha jirani. Ndiyo maana nakata kwa mkono.

Na ukikata kwa mkono unaanza kuuelewa mpangilio wa Coleman. Mizunguko miwili ya kwanza inafanana. Katika wa tatu anachelewesha snea moja, msikilizaji anayumba kidogo. Katika wa nne pigo la kwanza halipo kabisa. Ameliacha wazi, halafu toazi kubwa linalia kabla ya wakati wake. Yote hayo unaweza kuyasikia kwa kucheza santuri, ni kweli. Lakini ukishayashika kipande kwa kipande unagundua jambo jingine: hakuna kiki mbili zinazofanana. Kila kipande kinabeba mkia wa kilichotangulia, toazi ambalo halijamaliza kulia, mwangwi wa chumba. Ukiihamisha kiki ya mzunguko wa tatu kwenda mwanzo, inakwenda na mkia wake, na huko mbele inasema jambo lisilotarajiwa. Waingereza waliounda muziki wa jungle mapema miaka ya 1990 waliupata utajiri wao humo. Sipendi mkata sauti anayefuta mikia yote ili vipande viwe safi. Anautupa uhai.

Kupanga vitufe nako kuna fikra yake. Programu itakupangia kwa mfuatano wa rekodi, kipande cha kwanza kitufe cha kwanza, na kuendelea. Mimi huupangua, kiki nikaziweka chini ya mkono wa kushoto na snea chini ya wa kulia, zile za kunong'ona zikiwa jirani na za kishindo, ili mkono uweze kuhama bila kufikiri. Toazi lililo wazi na lililofungwa huyaweka kundi moja, likipigwa hili lile linyamaze, kwa sababu kwenye ngoma halisi ni chombo kimoja. Nguvu ya kidole, ambayo kinanda huipima hadi 127, nataka ibadili ukali wa sauti pamoja na ukubwa wake, kama ngozi inavyofanya ikipigwa kweli.

Waliotutangulia walifanya haya kwa nafasi finyu. Sampla ya E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilihifadhi sekunde 10 tu. Maprodyuza wa New York wakaharakisha santuri wakati wa kurekodi, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine. Ule mchakacho uliotokea ukawa ladha ya hip hop ya zama zao. Prodyuza J Dilla wa Detroit akaja na sampla ya MPC3000, akaacha mapigo yasimame mahali mkono wake ulipoyaweka badala ya kunyooshwa na mashine. Alifariki Februari 2006. MPC yake iko kwenye jumba la makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, Washington, na inastahili kuwa pale.

Coleman naye alifariki mwaka huo huo wa 2006. Kwa maelezo ya Spencer, alikufa fukara, hana makazi. Ngoma zake zilikuwa zimeshaingia kwenye maelfu ya nyimbo, naye hakulipwa kwa hizo. Mwaka 2015 mashabiki walimchangia Spencer pauni 24,000, jambo jema lililochelewa, na kwa Coleman halikufika kabisa.

Nalisema hili kwa sababu kazi hii sasa ni yetu pia. Dar es Salaam, maprodyuza wa singeli huchukua vipande vya taarabu, wakavirudisharudisha na kuviharakisha kupita mapigo 200 kwa dakika; albamu "Sounds of Sisso" ya mwaka 2017 iliufikisha muziki huo mbali. Ni ufundi, na ninaujivunia. Lakini nyuma ya kila kipande kuna mpiga kinanda, mpiga fidla au mpiga ngoma aliyekaa studio siku fulani, na wengi wao bado wako hai, wanapokea simu. Ndugu prodyuza, unapohifadhi kipande usikiite "lupu mpya 3". Kiite kwa jina la aliyekipiga, liandike jina hilo kwenye wimbo, na wimbo ukiingiza fedha mtafute umpe fungu lake.