Kisigino kisichopona: kabla ya kisu, uzito

Maumivu ya kisigino yanayochoma zaidi kwenye hatua za kwanza za asubuhi kwa kawaida hutoka kwenye utando mgumu wa unyayo, pale unapoanzia kwenye mfupa. Wagonjwa wengi hupona ndani ya mwaka bila kupasuliwa. Wanaobaki ndio wanaobishaniwa.

Mwaka 2020 Finn Johannsen na wenzake nchini Denmark walichapisha jaribio la wagonjwa 30 waliogawanywa kwa kura. Kundi moja lilipasuliwa kwa matundu madogo na kamera, utando ukakatwa sehemu tu. Jingine lilipewa mazoezi ya nguvu pamoja na sindano za kotizoni. Wote walipata nafuu, ila baada ya mwaka waliopasuliwa walikuwa mbele. Sikatai matokeo hayo. Lakini watu 30 ni wachache, na kila mgonjwa alijua alichofanyiwa. Anayepima maumivu yake mwenyewe huku akijua amepasuliwa hawezi kuwa shahidi asiye na upande. Tena utando ukikatwa kupita kiasi, upinde wa unyayo hushuka na maumivu huhamia ubavuni mwa mguu.

Wanorwei walipita njia nyingine. Mwaka 2018 Marius Molund na wenzake waliwachukua wagonjwa 40 walioumwa zaidi ya mwaka, wakalegeza msuli wa shavu la mguu, kisigino chenyewe hawakukigusa. Hao nao walifanya vizuri kuliko walionyoosha misuli tu. Msuli uliokaza huko juu huuvuta utando wa chini.

Kinachonisumbua ni neno “mazoezi yameshindwa”. Mazoezi gani? Mwaka 2014 Michael Rathleff, Mdenmark pia, alionyesha namna: simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, kitambaa kilichoviringishwa kikiwa chini ya vidole ili vipinde kuelekea juu. Panda kwa sekunde 3, tulia 2, shuka kwa 3. Leo fanya, kesho pumzika. Uanze na uzito unaoweza kuuinua mara 12, usifike 13. Nguvu ikiongezeka, unavaa mkoba wenye vitabu mgongoni. Baada ya miezi 3 kundi lililofanya hivyo liliwapita walionyoosha tu kwa pointi 29 kwenye kipimo cha maumivu na utendaji wa mguu. Kufika mwaka, makundi yalikuwa sawa, maana yake faida kubwa ya uzito ni kuharakisha.

Kwa mama wa Alunguli, mjini Kindu, anayevuka mto Lualaba na mzigo wake kwenda kuuza upande wa Kasuku, miezi hiyo ni riziki. Kikwembe anacho, kizingiti anacho, na begi la mchanga linatosha badala ya vitabu. Sindano humtuliza kwa wiki kadhaa, lakini zikirudiwa utando unaweza kukatika. Kumpeleka Goma kwa HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi, si safari ya kuamua haraka, hasa tangu waasi wa M23 walipouteka mji huo Januari 2025.

Mwiba wa mfupa unaoonekana kwenye eksirei usiwe sababu ya kupasua: wengi wanao na hawaumwi. Ila kijana anayeumwa visigino vyote viwili na mgongo wake kukakamaa asubuhi, au mtu yeyote mwenye homa, uvimbe au maumivu ya usiku, asianze na ngazi. Aanze kwa daktari.