Punje ya Kaharabu

Mzee mmoja mtaani kwetu alikuwa akitunga tasbihi barazani baada ya sala ya alasiri. Siku moja ya kipupwe aliniita, akaisugua punje yenye rangi ya asali kwenye kanzu yake mpaka ikapata joto, kisha akaisogeza karibu na kipande chembamba cha ukindu kilichobanduka mkekani. Kikaruka, kikaing'ang'ania.

"Kaharabu hiyo, mjukuu wangu," akasema. "Ina njaa ya majani."

Hakujua kwamba alikuwa akifasiri Kiajemi. *Kah* ni nyasi kavu, *ruba* ni mwenye kunyakua. Waarabu walilichukua jina hilo, na kwao leo *kahraba* ndiyo umeme. Kwetu limebaki kwenye punje.

Wagiriki waliiita kaharabu *elektron*. Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa London, alichapisha kitabu chake kwa Kilatini. Alikuwa amesugua kioo, salfa, hata almasi, akaona navyo vinavuta. Akavipa sifa ya *electricus*: vya namna ya kaharabu. Mwaka 1646 Thomas Browne akakiandika kivumishi hicho kwa Kiingereza. Basi *electric*, pamoja na makeke yake yote ya nyaya na mitambo, ni punje ile ile iliyosuguliwa.

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kutunga, kwa shanga na kwa maneno. Si bure. Gilbert alitoboa neno lake kwa alichokishika mkononi. Wahenga wetu nao walitazama wingu likimemeteka, wakasema umeme, kabla nguzo hazijafika. Siku hizi neno tunalipokea bandarini likiwa ndani ya kasha. Tunalibandika irabu mwishoni, tunalisukuma sokoni. Nani anauliza lilisuguliwa wapi?

Tasbihi ya mzee nimeirithi mimi. Uzi ulipokatika niliipeleka dukani. Kijana akanionyesha za plastiki, akacheka: "Kutunga tena, mzee? Nunua mpya."

Nikarudi na punje zangu ndani ya leso. Usiku nikachukua moja, nikaisugua kwenye shati mpaka ikapata joto, nikainama kutafuta ukindu sakafuni.

Nilikuwa nimesahau. Nyumbani kwangu hakuna mkeka.